Mita Kumi za Kuni

Sirkka na Helvi ni ndugu wa kike, tumbo moja. Sirkka, mkubwa, aliendesha basi mjini Oulu, kaskazini kwenye theluji, kwa miaka thelathini na moja. Helvi alikuwa mpishi wa shule. Walipostaafu, waliuza vyumba vyao vya mjini wakarudi kijijini Haapala, katika nyumba ya mbao walimozaliwa. Nyumba hiyo ilikuwa imekaa miaka kumi bila mtu.

Siku za kwanza zilikuwa kama sikukuu. Walipaka madirisha rangi. Walichuma beri msituni na kuoka mikate ya shayiri. Katikati ya nyumba lilisimama jiko kubwa la matofali, lile la kupashia vyumba vyote joto. Helvi alilifuta vumbi huku akiimba.

"Sasa zimebaki kuni," Sirkka alisema mwezi wa kumi. "Nitapiga simu mimi."

"Unajua kuagiza kuni wewe?"

"Nimeendesha basi juu ya barafu maisha yangu yote. Kuni ndizo zitanishinda?"

Alimpigia mzee Tauno, muuza kuni wa kijijini. "Nataka mita kumi za ujazo, za koivu," alisema. Koivu ndio mti wa ganda jeupe, unaopendwa na kila mwenye jiko.

"Zipo," alijibu Tauno. "Zimekatwa mwaka huu. Ni nzuri."

"Lete."

Trekta ilikuja na tela limejaa. Kuni zilimwagwa uani zikawa kama kilima. Akina dada walifurahi sana. Walizipanga siku mbili, wakitaniana nani mzee zaidi mgongoni. Walipomaliza, Helvi alichukua futikamba. Safu ilikuwa na urefu wa mita nne, kimo cha mita moja na nusu, na upana wa mita moja.

"Ni mita sita, dada."

"Pima tena."

"Nimepima mara tatu. Kuni si kitambaa, nizivute zirefuke."

Sirkka alikunja uso. "Yule mzee ametula mita nne."

"Tuwashe moto kwanza, tunywe kahawa. Ugomvi haukimbii."

Lakini moto haukutaka kuwaka. Kuni zilitoa povu kwenye ncha na kulia *sss*, kama nyama mbichi kwenye kikaango. Moshi ulirudi ndani. Kioo cha mlango wa jiko kikawa cheusi. Wiki tatu zikapita hivyo. Walichoma kuni nyingi, na chumba hakikupita nyuzi kumi na nne. Wote wawili walihamia jikoni, wakalala na kofia za sufu kichwani.

Asubuhi moja Helvi alisikia mngurumo ukutani.

"Dada, kuna gari nje?"

Sirkka alitoka mbio kutazama. Juu ya paa, cheche zilikuwa zinaruka kutoka kwenye dohani, lile bomba la kutolea moshi. Masizi yaliyoganda ndani yake yalikuwa yameshika moto.

"Toka nje, Helvi. Acha kahawa, toka."

Walipiga simu ya dharura. Wazimamoto walifika haraka. Moto uliishia ndani ya dohani, nyumba ikasalimika. Mkubwa wao aliwaambia, "Msiwashe tena hadi fundi wa dohani akague."

Fundi alikuja mchana uleule. Jina lake Marjukka, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mweusi kwa masizi hadi masikioni. Alipanda juu ya paa, akashusha kamera ndogo ndani ya dohani. Kisha akasugua kwa brashi. Alitoa ndoo nne za masizi mazito, yanayong'aa kama lami.

"Hakuna ufa," alisema aliposhuka. "Mna bahati, mama zangu. Lakini nyumba imefungwa miaka kumi, na nyinyi mkawasha jiko bila kuniita?"

Sirkka alitazama viatu vyake. "Tulidhani dohani ni tundu tu."

"Tundu linalotaka kusafishwa kila mwaka. Haya, nionyesheni hizo kuni."

Uani, Marjukka alichukua vipande viwili akavigonganisha. *Du*. "Kuni kavu zingelia *ta*, kama sahani," alisema. Akachanja kipande kimoja kwa shoka. "Weka shavuni, hapa ndani palipopasuka."

Helvi aliweka. "Pabaridi. Panalowesha."

Marjukka alichoma kipimo chake cha unyevu palepale ndani. Kikaonyesha asilimia thelathini na nne. "Kuni za kuchoma zisizidi ishirini. Moto wenu ulikuwa unachemsha maji badala ya kuwapasha joto. Moshi wake ni wa baridi na maji, unaganda kwenye dohani kama lami. Mlichokiona asubuhi ndicho hicho."

"Na tumeibiwa mita nne," Sirkka aliongeza. "Hilo usilisahau."

Marjukka alicheka. Alivuta kreti tupu la viazi, akatupia kuni ovyo mpaka likajaa. Kisha akazitoa, akazipanga vizuri kipande juu ya kipande. Sasa zilipita nusu ya kreti kidogo tu.

"Umeona? Nafasi iliyosalia ilikuwa hewa. Mita kumi za kutupwa kwenye tela, ukizipanga, zinakuwa sita. Mwuzaji anaweza kuuza kwa kipimo hiki au kile. Mliulizana?"

Sirkka alitoa simu, bado amevimba. "Mzee Tauno, mbona hukuniambia kuni zako ni za kutupwa?"

"Hukuuliza, bibi. Hapa kila mtu huuliza."

"Na ulisema ni nzuri."

"Ni nzuri. Mwakani."

Helvi aliangua kicheko hadi akaegemea kuni. Sirkka alijitahidi kununa, ikamshinda, naye akacheka. Kuuliza si ujinga, na yeye alikuwa hajauliza hata neno moja la maana.

Kesho yake walikwenda kwa Tauno. Safari hii Sirkka alikuwa na futikamba mfukoni, pamoja na kipimo cha unyevu alichoazima kwa Marjukka. "Nataka mita tano za kupangwa," alisema, "zilizokaa bandani tangu mwaka jana. Na uchanje kimoja mbele yangu." Tauno alichanja. Kipimo cha Marjukka kilisoma kumi na saba. Mzee alimtazama Sirkka kwa heshima. "Umejifunza upesi," alisema.

Kuni hizo ziliwavusha majira ya baridi. Zile mbichi hazikutupwa. Zilihitaji kiangazi kimoja tu.

Mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado magotini, Tauno aliwaletea magogo mengine yaliyokatwa katikati ya baridi, wakati mti una maji machache. Marjukka alipita kuwaona. "Chanjeni yote kabla majani hayajachipua," alisema. "Ganda la koivu ni koti la mvua. Usipolipasua, maji hayatoki."

Akina dada walishindana. Jua lilimeta juu ya theluji, mashoka yakapaa na kushuka.

"Nimefika mia mbili," Helvi aliita.

"Mpishi hajui kuhesabu. Hizo ni mia na hamsini."

Safu walizipanga upande wa jua na upepo, juu ya miti miwili ili zisiguse ardhi. Waliacha nafasi ya ngumi kati ya safu na safu, upepo upite. Sirkka alitaka kuzifunika zote kwa turubai hadi chini. Helvi alimzuia. "Marjukka alisema juu tu. Ukizifunga pembeni zitaota ukungu." Wakafunika juu tu, kwa mabati ya zamani.

Kiangazi chote, usiku ukiwa mweupe kama mchana kwa kuwa huko kaskazini jua karibu halizami, kuni zilikauka. Ncha zao zilipasuka nyufa kama miale ya jua. Mwezi wa nane Helvi alipaka sabuni ya vyombo kwenye ncha ya kipande kimoja, akaweka mdomo upande wa pili, akapuliza kwa nguvu. Mapovu madogo yakatokea.

"Hewa inapita," alisema, machozi ya juhudi machoni. "Dada, imekauka. Njoo upulize."

Walipuliza vipande kumi, wakipokezana kama watoto, mpaka Sirkka akapata kizunguzungu. Ndipo wakaziingiza bandani kabla ya mvua za vuli. Kila jioni walileta ndani kapu la kuni za siku ya pili, zipate joto kabla ya kuchomwa.

Januari baridi ilishuka hadi nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri. Marjukka alikuja kusafisha dohani. Alitoa masizi makavu, mepesi kama unga, hata robo ya ndoo hayakufika. Kisha akaketi mezani, akavua koti. Baadaye akavua na sweta.

"Humu mnaoka mikate au watu?" aliuliza.

"Mlaumu Helvi," Sirkka alisema. "Anaweka kipande kimoja zaidi kila mara, halafu anafungua dirisha."

"Dirisha unafungua wewe."

"Kwa sababu yako."

Waligombana hivyo mpaka kahawa ikaisha, mashavu yao mekundu kwa joto. Nje trekta ya Tauno ilisimama getini na shehena ya magogo mapya. Sirkka alitazama mara moja dirishani, akachukua glavu na futikamba. Helvi alikuwa ameshatangulia, shoka begani.