Kijisanduku Kinachopima Mwanga

Mshona viatu wa jirani anaapa kwamba mpima maji alifika na tochi, akamulika kisima, na kisima kizima kikageuka chekundu. Chumvi hiyo kaitia mwenyewe. Mama Kichanga, mama wa mtoto aliyeleta yote haya, alikuwepo, na kisima hakikubadilika hata chembe.

Mambo yalianza na midomo ya mtoto. Ilikuwa ikigeuka bluu. Zahanati walimtibu, kisha muuguzi akamuuliza Mama Kichanga:

"Maziwa yake ya kopo mnayakoroga kwa maji gani?"

"Ya kisimani. Mama mkwe huyachemsha mara mbili."

Muuguzi akamwita mpima maji.

Bibi wa mtoto, huyo mama mkwe, alimpokea kwa uso mkavu. Kisima alikichimba marehemu mumewe, nyuma ya banda la kuku.

"Mwanangu, maji haya ni kioo. Unatafuta nini humo?"

"Uzuri wa mkakasi, bibi, ndani kipande cha mti."

"Umekuja kupima au kunitolea methali?"

Mpima akacheka, akajaza vichupa viwili. Cha kwanza hakukitia kitu. Cha pili akakitia unga wa dawa, akatikisa, akasubiri. Maji yakawa ya waridi.

"Dawa imekutana na naitreti," alisema. "Hutoka kwenye kinyesi na mbolea. Haina rangi wala harufu, lakini kwa mtoto mchanga ni hatari: huzuia damu kubeba hewa, ndiyo maana midomo ikawa bluu."

Akaviingiza vichupa kwenye kijisanduku, kimoja kimoja.

"Humu mna taa ndogo. Maji matupu huacha mwanga upite. Rangi huumeza. Naitreti ikizidi, rangi hukolea, mwanga humezwa zaidi. Kijisanduku hupima mwanga uliomezwa, kikatoa namba."

Namba ilipita kiwango cha usalama, tena mbali.

"Lakini nayachemsha!" bibi alidakia.

"Moto huua vijidudu. Naitreti haifi. Maji yakipungua sufuriani, naitreti hubaki. Unaikoleza, kama mchuzi uliosahauliwa jikoni."

Bibi akakaa chini. "Kumbe namdhuru mjukuu wangu kwa mikono yangu."

"Ulifanya kwa upendo, mama," alisema Mama Kichanga. "Sasa tumejua."

Wakapima bomba la mtaani. Kichupa hakikugeuka rangi. Tangu hapo maji ya mtoto hutoka huko, na huchemshwa mara moja tu. Ya kisima ni ya kufulia. Kuku wamehamishwa. Midomo ya mtoto imerudi rangi yake, na kilio chake kinaamsha mtaa mzima.

Jana mshona viatu alikuja na chupa ya maji ya kisima chake. Safari hii hakuwa na mzaha.

"Bibi, mke wangu yu karibu kujifungua. Maji yetu ni salama, au siyo? Niambie."

Bibi aliipokea chupa, akaiinua juani. Maji yalikuwa maangavu kama kioo. "Kwa macho siwezi kujua," alisema, akamrudishia chupa, "twende tukamwite mpima na kijisanduku chake."