Sauti ya Aabo

"Washa," alisema Robow.

Jama akabonyeza redio kaseti. Raho, aliyeketi karibu na mlango, akafumba macho. Tangu wamzike baba yake, mzee Shuriye, ambaye alimwita Aabo, alikuwa hajaisikia tena sauti yake.

Mwaka ule wa 1983, Jama wa chuo kikuu alikuja Isiolo kutafiti dawa za kienyeji za ngamia. Mzee Shuriye, mgonjwa wa kifua, alimtajia miti yote aijuayo, kisha akacheka. "Weka na hii kwa mashine yako. Raho nimempa Jama." Walikuwa watatu tu chumbani, pamoja na Raho. Mzee alipofariki, jukumu la kumwoza Raho likamwangukia ndugu yake Robow, ami waliyemwita Adeer, ambaye tayari alikuwa na mposaji mwingine, mwenye malori. Hata hivyo alisema kiungwana, "Nikisikia ndugu yangu mwenyewe akisema, mimi ni nani nipinge?"

Raho hakuwa mjinga. Alivunja kile kijipande cha plastiki mgongoni mwa kanda ili isirekodiwe tena, na kabla Jama hajaenda Merti kuhoji wazee wengine alimsihi, "Pelekea Golicha fundi wa redio atoe kopi. Kanda ni kitu ya kuharibika."

Jama aliporudi, Raho alimuuliza.

"Nilitoa. Iko kwa Golicha, tulia," Jama alimjibu, akimtazama machoni.

Sasa kanda ilizunguka. Ikatoka sauti ya mzee mwingine kabisa, akieleza namna ya kutibu mbuzi mwenye upele.

"Huyu ni nani?" Robow akauliza.

"Ni mzee wa Merti, Adeer."

"Umeleta kanda ingine?"

Jama aliitazama mashine. Jasho lilimtoka.

"Jama, sema," Raho akamwambia.

"Ni hii hii. Kanda ziliniisha Merti, na mzee alikuwa anahama na mifugo asubuhi. Nikaziba ile tundu na karatasi, nikarekodi juu. Nilijua nitasimamisha kabla ya maneno yetu. Maongezi ikanoga, nikasahau."

"Si kuna kopi? Twende kwa Golicha," alisema Robow.

"Hakuna kopi, Adeer. Nilisema tu ndio Raho asiwe na wasiwasi."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Jama iliishia pale mkekani.

"Na ile dawa ya ngamia?" Raho akauliza taratibu.

"Hiyo niliandika. Mara mbili. Moja nimetuma chuo."

"Ya kazi yako umeweka mara mbili. Yangu hata mara moja."

Kabla Jama hajajibu, mzee wa Merti alimaliza, kanda ikakwaruza, na kikohozi kikasikika. Kikohozi walichokijua wote.

"Raho. Raho, niletee maji."

Kanda ikafika mwisho. Robow alijifunika uso kwa shuka. Raho alikuwa ameshasimama, mguu mmoja nje kuelekea jikoni, ndipo akakumbuka. Akalia kwa uchungu, ameegemea mlango.

Robow akafunua uso, akasema, "Hata bila kanda naweza kaa na wazee kuhusu posa ya Jama. Raho, wewe unasemaje?"

"Angeniambia amefuta, ningelia, halafu ningesimama na yeye mbele yako, Adeer. Yeye alinidanganya, nikalala nikiamini."

"Raho, nisamehe."

"Nimekusamehe, Jama. Lakini mume wangu huwezi kuwa."

Aliichukua kanda, akaing'oa ile karatasi tunduni, akaifunga kanda kwenye pindo la leso na kushika njia ya Bulla Pesa, kwenye kibanda cha Golicha. Alimpenda Jama hadi pale njiani, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Nitoe kopi ya wapi?" Golicha alimuuliza.

"Mwisho kabisa. Anaitisha maji."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu ndiyo imebaki. Toa mbili. Moja ikae kwako, sitaki kuuliza mtu tena."

Golicha aliicheza kanda, akairudisha, akaicheza tena ili apate mahali penyewe. Raho alikaa pale kibandani, na kila mara sauti ya mzee ilipomwita, aliitika kwa sauti ndogo, "Naam, Aabo."