Tangi Lililokunywa Dawa

Maji yalikataa kubadilika rangi.

Utasema hilo si jambo la kumtia mtu kiwewe. Lakini kwa fundi wa mtambo wa maji, hiyo ndiyo kazi: anatia dawa kwenye tangi linalonywesha mji mzima, anakinga maji kidogo kwenye kichupa, anatumbukiza kidonge cha kupimia, anangoja. Dawa ikiwepo, maji yanageuka pinki. Isipokuwepo yanabaki meupe, na hapo ujue watu watakunywa vijidudu. Asubuhi ile fundi alitia dawa kwa mkono wake mwenyewe, akapima, yakabaki meupe. Akaongeza, yakabaki meupe vilevile. Akainamia mdomo wa tangi anuse. Watu walimwita Bwana Klorini kwa jinsi alivyonuka dawa hata akitoka kuoga, lakini humo tangini hakukuwa na harufu ya kitu chochote.

"Labda vidonge vimechacha," akasema mlinzi wa getini, mzee aliyekuwa na jibu hata la swali ambalo hakuulizwa.

"Vidonge si maziwa, mzee wangu."

Akafungua kopo jipya. Yaleyale. Kutoka chini ndani ya tangi akasikia gubu, gubu, gubu, kama mtu mwenye kiu anavyokunywa bila kupumua. Akajiambia ni hewa kwenye bomba.

Sasa, mtambo ule ulikuwa na sheria yake: anayetibu maji ndiye anakunywa glasi ya kwanza, asije akawapa wenzake kitu anachokiogopa mwenyewe. Akili ingekuwa kufunga vali na kupiga simu ofisini. Yeye akanywa. Yalikuwa baridi, matamu, na yaliposhuka kifuani, lile donge lililomkaba tangu msiba likaachia.

Maana alikuwa ametoka kuzika, huyu. Binti yake mkubwa, msichana wa shule, alichukuliwa na homa kama mchezo. Fundi hakuwa amelala vizuri tangu siku ile. Akafungua vali, na mji ukanywa.

Mwanzoni watu waliyasifia maji. Kisha wakaacha kuyasifia, wakaacha na mengine. Bombani akina mama hawakugombania tena foleni, na hilo nani amewahi kuliona? Sokoni mwuza viatu alimtazama mwizi akibeba jozi mbili, hakunyanyua hata sauti. Mlinzi naye akanyamaza. Nyumbani, mke wa fundi, aliyekuwa akilia mpaka sauti ikakauka, aliamka siku moja akachukua sare ya shule ya marehemu, akaichovya kwenye ndoo, akapiga deki.

"Inafyonza vizuri," alisema.

Fundi alimtazama na kuona ni kweli, ilifyonza vizuri.

Siku iliyomshtua, kama kushtuka ni neno lake, alirudi mchana akakutana na harufu ya nyama mlangoni. Akadhani leo kuna mboga ya maana. Alipoingia akamkuta kitinda mimba wao, mtoto aliyeanza kutembea juzi tu, amesimama kimya, kiganja kimetulia juu ya jiko la moto. Alikuwa akimtazama baba yake. Hakuwa analia. Mama alikuwa hapohapo, anamenya vitunguu.

"Ameshika jiko," alisema mama, kwa sauti ya mtu anayekuambia mvua imeanza.

Fundi akamnyakua mtoto. Alijua kwamba hapa baba hupiga ukunga. Akautafuta huo ukunga ndani yake kama mtu anavyopapasa ufunguo mfukoni, asiupate. Lakini kujua alijua, na kujua huko ndiko kulikompeleka na mtoto mgongoni hadi kwa mganga.

Mganga alikaa kilimani, mbali na mabomba, akinywa maji ya mvua na kuwatukana watu wa maji kila alipokutana nao. Alipofungua kile kiganja akaangua kilio.

"Mbona nalia mimi," alifoka, "na mtoto ni wako?"

Akajipangusa machozi, akaanza kukifunga kile kiganja bandeji.

"Uliongea na maji wewe?"

Akakumbuka. Jioni ya mazishi alipanda juu ya tangi ili asionwe na watu, akafungua mfuniko, akaingiza kichwa na kusema, Yeyote aliyemo humu, niondolee haya maumivu.

"Ndani ya maji! Mtu mzima na akili zako!"

"Sikudhani kuna mtu."

"Hakukuwa na mtu," alisema mganga, na sauti yake ikashuka. "Nisikilize. Panda ukamwambie huyo uliyemwita arudishe. Kisha mwaga lote, usugue kuta kwa dawa kali. Mimi na magoti haya sipandi huko. Ila ujue, atarudisha kila kitu."

"Mtoto atalia tena?"

"Atalia."

"Basi nitapanda."

Akamwacha mtoto nyumbani na mke wake, akamweleza mke anachokwenda kufanya. Mama aliitikia kwa kichwa tu.

Jua lilikuwa bado kali. Alifungua mfuniko, na ile gubu, gubu ikakoma ghafla, kama mtu aliyeshikwa akinywa cha wenzake, na kutoka kule chini kusikofika mwanga ikapanda harufu ya mafuta ya nywele, yaleyale aliyompaka binti yake kila asubuhi kabla ya shule, kisha ikapanda sauti, na sauti ilikuwa yake, ya mtoto wake hasa, na ile mikwaruzo ya homa ya siku ya mwisho, ikisema polepole, "Baba, nimekukosea nini? Si wewe uliyeniomba?", na maji yakaanza kupanda kuufuata uso wake bila kutoa wimbi, na akaona ndani yake nywele zilizosukwa zikielea, naye akafumba macho, akashika kingo za chuma kilichomchoma viganja bila kumuuma, akasema, "Nirudishie."

Akafungua vali ya chini. Maji yaliondoka kwa kishindo. Akashuka ndani, akasugua, akajaza upya, akatia shabu ya kutuliza tope, akachuja, akatia dawa. Harufu ya klorini ikampiga puani mpaka akapiga chafya. Akapima.

Pinki.

Akanywa glasi ya kwanza kama sheria ilivyotaka. Ndipo binti yake akafa upya. Alikaa chini kwenye saruji akalia kwa sauti, na mlinzi akaja akakaa ubavuni pake, analia pia, anamlilia kaka yake aliyekufa zamani, huku akieleza ugonjwa wote tangu mwanzo.

Njiani kurudi kwake mji mzima ulikuwa unalia. Mwuza viatu alikuwa anatukana matusi ya nguoni. Watoto walipiga kelele kila mlango. Fundi alitembea akishika kuta.

Nyumbani kwake tu ndiko kulikokuwa kimya.

Mke wake alikuwa amekaa katikati ya mitungi, ndoo, masufuria na beseni la kufulia, vyote vimejaa pomoni.

"Nilikinga mapema," alisema, "ulipokwenda kumwaga."

Fundi akanyanyua mtungi wa kwanza akaumwage nje. Mguuni pake palikuwa na tambara la deki, na kwenye kola bado limeshonwa jina la binti yao, kwa uzi mwekundu, kwa mkono wa mama. Akautua mtungi. Kifua kilikuwa kinapasuka.

"Kunywa, baba watoto," alisema mama. "Unatetemeka."

Kidogo tu, alijiambia. Nipumue, kisha nimwage.

Yalikuwa baridi, matamu.

Mtoto akainuka na bandeji yake, akaanza kutembea, ameunyoosha ule mkono uliobaki mzima.

"Anaenda kwenye jiko," alisema mama.

"Namwona," alisema baba, akasogeza glasi ijazwe tena.