Jiko la Mwalimu Linapumua

Jumamosi ile, saa moja asubuhi, dukani walikuwapo watatu: Shangazi, mwenye duka la kutengeneza majiko ya gesi, Fundi, mdogo wake, na Binti, mtoto wa Fundi, aliyeshika simu ya duka. Wa nne hakuonekana. Harufu yake ilitangulia.

"Nani kaacha mtungi wazi?" Shangazi aliuliza.

Fundi alikagua mitungi yote sita. "Mitupu, dada. Pua yako imezeeka kabla yako."

"Na ya mwanao je? Mbona kaiziba?"

Duka lile lilikuzwa na maoni ya wateja mtandaoni. Kila aliyechukua jiko lake, Binti alimwomba aandike neno, kisha akamjibu kwa jina na kumshukuru. Kwa miezi minane foleni ya majiko ilifika barazani. Kila asubuhi Shangazi aliangalia nyota walizotoa wateja kabla ya kunawa uso.

Alhamisi iliyotangulia, mteja aliyejiandika Mwalimu Mstaafu alitoa nyota moja. "Jiko mlilonitengenezea nalisikia linapumua," aliandika. "Harufu siipati, pua yangu ilikufa zamani. Naishi peke yangu. Naomba fundi aje."

"Huyu atatumwagia mchanga kitumbuani," alisema Shangazi. "Andika hapo chini kwamba si mteja wetu, wenye mtandao wayafute maoni yake."

Binti aliandika. Fundi alisikia, akainamia kazi yake; alikumbuka kwamba siku alipotengeneza jiko hilo mipira mipya ya gesi ilikuwa imekwisha, naye akarudisha wa zamani. Ijumaa maoni yalifutwa.

Sasa harufu ilikataa kutoka, hata milango ilipofunguliwa. Jumapili ikaja sauti, ssss, chini ya meza ya kazi; mtu akiinama, inakoma. Jumatatu mchana mteja mmoja aliandika sifa za nyota tano, Binti akazifungua kwa furaha, akasoma mstari wa kwanza na wa pili, na chini yake, mahali ambapo mteja hakuandika kitu, akaona neno "linapumua", akalifuta, likarudi, akafungua sifa za jana na za juzi na za mwezi uliopita, na kila moja ilimalizika kwa neno hilohilo, huku ile pumzi ikitoka chini ya meza, ikapanda taratibu mgongoni mwake hadi sikioni.

"Shangazi," alinong'ona, "kuna mtu nyuma yangu?"

"Hakuna, mwanangu." Lakini Shangazi alikuwa amekwisha kurudi nyuma hadi ukutani.

Jumanne waliita mganga. Alitoa ubani, akanusa, akaurudisha mfukoni. "Mimi siwashi kitu humu. Bado napenda kula." Kisha akawatazama mmoja mmoja. "Jini haji bure. Kuna mtu mmemkana, na huyu amekaa mahali pake. Nani kamkana mtu?"

Binti aliweka simu ya duka mezani.

"Mimi niliandika," alisema Binti.

"Mimi nilimtuma. Mtoto hana kosa."

"Mpira ulikuwa wa zamani," alisema Fundi. "Nilijua."

Shangazi alimgeukia.

"Basi semeni hadharani kama mlivyomkana hadharani," alisema mganga.

Binti aliandika ukurasani pa duka: Mwalimu Mstaafu ni mteja wetu. Tulisema uongo. Fundi anakuja leo.

Harufu ikakatika papo hapo. Shangazi aliketi juu ya mtungi mtupu akalia kwa nafuu, na Fundi akachukua mpira mpya na vibano viwili, akaondoka karibu akikimbia.

Baada ya saa moja alipiga simu. Binti aliongeza sauti ili wote wasikie.

"Baba, umemkuta?"

Nyuma yake, simuni, kitu kilikuwa kikipumua.

"Nimezungumza na jirani yake," alisema. "Mwalimu alifariki Jumamosi, saa moja asubuhi, alipowasha jiko achemshe chai."