Bunduki Iliyopokewa kwa Huruma

Jua la Montana lilikuwa limeshazama nyuma ya milima Verna Tollick alipotoka kukiondoa kibao cha duka lao la bunduki kwenye theluji. Mgongo ulimuuma. Msimu wa kuwinda kulungu ulikuwa unaisha, na kutwa nzima alikuwa amewaimbia wateja wimbo uleule: funika bunduki yako kabla ya kuingia, acha risasi garini, omba kabla ya kugusa, mtutu uangalie chini.

Mchana jamaa mmoja wa mjini aliinua bunduki iliyokuwa kwenye kaunta, akaulenga ukuta wa mbao, akabonyeza kifyatulio bila hata kuuliza.

"Kaka," Verna alimwambia, "nyuma ya ukuta huo kuna mume wangu. Bado sijamchoka kiasi hicho."

Watu walicheka. Yeye hakuwa na nguvu ya kucheka.

Alirudi ndani, akafunga mlango. Karakanani, nyuma ya ukuta, mumewe Orrin, fundi wa bunduki maisha yake yote, alikuwa bado anapiga tupa. Kwaru... kwaru... kwaru...

"Orrin, twende nyumbani."

"Namalizia, mpenzi. Sekunde tu."

Kisha ikaja harufu. Matope ya mto. Baruti ya zamani.

Verna aligeuka.

Mzee alikuwa amesimama mbele ya kaunta, koti lake la sufu likichuruzika maji. Tone... tone... Mkononi alikuwa na bunduki isiyofunikwa.

"Tumefunga, mzee. Na hiyo ungeitia kwenye mfuko wake."

"Mfuko ulioza."

"Unauza?"

"Hapana, binti. Nataka uichukue tu."

Aliinyoosha kwa mikono miwili. Komeo lake, chuma kinachoziba tundu la risasi, lilikuwa limefungwa.

Watu wa kule hawapeani bunduki iliyofungwa. Anayetoa huvuta komeo, akaonyesha tundu la risasi. Anayepokea naye hutazama, hata kama ameona mwenzake akitazama. Si kumvunjia mtu heshima. Hata mama mzazi hukaguliwa.

"Fungua kwanza, mzee."

"Ni tupu."

"Zote huwa tupu. Fungua."

Mzee aliiegemeza kwenye kaunta. Akavuta komeo. Verna akainama, akachungulia. Giza tupu. Mzee akalirudisha upesi.

"Haya. Chukua."

Mikono ya Verna ilikuwa imechoka. Ilitaka kupokea, yaishe, akalale. Ilishaanza kunyooka...

"Fungua tena," alisema.

Mzee alifunga macho, akavuta.

Risasi ilikuwa mle. Imelowa. Inang'aa.

"Huwa inarudi," alinong'ona. "Ndugu yangu Emmett alinipa hii kando ya mto. Aliniambia tupu. Nani anamkagua ndugu yake? Niliitia begani tu... ikamwona."

"Ikamwona?"

"Humtafuta yule unayempenda. Ikamuua. Nikajitupa majini nayo. Haikuniachia. Mpaka mtu aipokee bila kuifungua, binti, ndipo nitalala." Akavitazama vichwa vya wanyama vilivyotundikwa ukutani, kama anayewaomba msamaha. "Kila duka wanafungua. Kila duka! Adabu yenu imenichosha."

Verna alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mbao.

"Sichukui. Nenda, mzee wangu. Nenda."

Taa ilififia. Ilipowaka vizuri, palikuwa na dimbwi la maji sakafuni, na hapakuwa na mtu.

Ndipo alipokisikia.

Kimya. Tupa ilikuwa imenyamaza.

"Orrin?"

Alikimbilia karakana. Mlango wa uani ulikuwa wazi, theluji ikiingia. Nje, chini ya taa, Orrin alikuwa amesimama na bunduki mikononi.

"Mzee mmoja alipita hapa," alisema polepole. "Alikuwa analia, maskini. Hawezi hata kusimama. Nikampokea mzigo."

"Uliifungua?"

Orrin alitazama mikono yake, kama mtu aliyeamshwa ghafla.

"Alikuwa amechoka sana, Verna..."

"Iweke chini!"

"Siwezi. Vidole havifunguki." Maji yalianza kuchuruzika kwenye mikono ya shati lake. Mtutu ulipanda taratibu, naye akiuvuta chini kwa nguvu zake zote, mishipa ya shingo imemtoka. "Ondoka mbele yangu, mke wangu. Tafadhali."

Verna alisogea kando.

Mtutu ukamfuata.