Heri Jini Kuliko Mimba

Mambo yalianza kujulikana kwenye kifundo cha mkono, tena mchana kweupe, chumba cha mazoezi kimejaa na mkufunzi amekaa mbele anafuta miwani. Wanafunzi wa shahada ya uuguzi walikuwa wanapimana mapigo ya moyo, wawili wawili, vidole kwenye mshipa wa mwenzako, macho kwenye saa. Kasuku, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hanyamazi, alimshika mkono mwenzake wa chumba, akahesabu, akaacha, akaanza tena.

"Wewe, mbona yako ni mawili mawili? Moja likipiga, jingine linaitikia."

"Hujui kuhesabu tu."

"Haya, sijui. Na hii harufu ya mshumaa uliozimwa, nayo sijui?"

Msichana akauvuta mkono wake.

Kwao msichana huyo walizoea kumwita Sista. Baba yake, fundi viatu, alimpa jina hilo tangu yuko kwenye nepi, na mtaa mzima ukamwita mzee mwenyewe Baba Sista. Ungemkuta anapaka soli gundi huku anamhubiria mwenye kiatu: uuguzi si kazi moja, bwana, ni mlango wa kazi mia, mwanangu akimaliza shahada, akitaka atakaa wodini, akitaka chumba cha upasuaji, akitaka atafundisha chuo, akitaka atasimamia chanjo za nchi nzima, na akichoka nchi yenyewe atavuka ng'ambo. Mtu kaja kushonewa ndala, anaondoka kabebeshwa maisha ya mtoto wa mwenzake! Kitu kimoja mzee hakuwahi kuuliza, nacho ni kama huyo Sista anaweza kutazama damu.

Hakuweza. Akiona tone tu, chini puu. Alizirai mbele ya wagonjwa, akazirai mbele ya wakufunzi, mpaka akaambiwa akianguka tena wodini afungashe vyake. Jioni ya siku hiyo, wiki kadhaa kabla Kasuku hajamshika mkono, alijifungia bafu la bweni, akafungulia bomba ili kilio kisisikike, akasema, "Yeyote anayeweza, na aje anifanyie hii kazi." Jamani! Kuna maneno hayasemwi ovyo, sembuse bafuni, mahali ambapo hata mtoto mdogo anakatazwa kuongea peke yake.

Kuanzia kesho yake mikono ilitulia. Mishipa iliyowashinda madaktari aliipata kwa mguso mmoja, hata ya vikongwe waliokauka. Wauguzi wakongwe wakawa wanamwita, "Njoo, binti, huyu katushinda." Wakamsifu, naye akatabasamu. Hakumwambia mtu kwamba mikono ikianza kazi, yeye mwenyewe anakuwa kama mtu aliyefungiwa chumba cha nyuma, anasikia wageni wakicheka sebuleni. Na kila siku chumba hicho kilisogea nyuma zaidi.

Ulimi wa Kasuku nao haukulala. Mapigo mawili, akawaambia wenzake, maana yake nini kama si mimba? Maneno yakatoka bweni, yakafika mtaani, yakamkuta mzee na nyundo mkononi. Sista alipofika nyumbani likizo, hata begi hajalitua, baba yake akamdaka mlangoni.

"Ya nani?"

"Baba, sina mimba. Wallahi sina."

Akapimwa, kweli hana. Mzee hakuamini kipimo, akanuna.

Aliyegundua ni mama yake. Alasiri moja alisikia maji yakitiririka bafuni, akajua mtoto ananawa mikono kama walivyofundishwa, kiganja kwa kiganja, katikati ya vidole, mpaka viwiko. Lakini maji hayakukoma, na chini ya sauti ya maji kulikuwa na mazungumzo, sauti ya mwanawe inaomba, "Niachie leo tu, leo tu nile na mama yangu," na sauti nyingine, ya taratibu, yenye adabu kuliko ya mtu yeyote aliyewahi kuingia nyumba ile, inajibu, "Bado, rudi ndani," na mama aliposukuma mlango, nywele zimemsimama na harufu ya mshumaa uliozimwa imemjaa kooni, alimkuta binti yake yuko peke yake, machozi yanamtiririka shavuni, uso unatabasamu, na ile mikono inaendelea kunawa kana kwamba haina mwenyewe.

Mama akamfuata mumewe kwenye kibanda chake cha viatu.

"Baba Sista," akanong'ona, "mtoto hana mimba. Ana jini."

Mzee akaweka nyundo chini, akashusha pumzi ndefu.

"Ah! Afadhali. Mimba ingemkatiza masomo."

Ndivyo alivyosema, na mkewe akamtazama kama mtu asiyemjua.

Akaitwa mganga, mama wa makamo, si mtu wa makeke. Akamkalisha Sista mkekani, akamshika kifundo cha mkono, akafumba macho kwa muda mrefu.

"Anatoka huyu," akasema. "Leo hii. Ila ataondoka na alichokuja nacho. Mikono itarudi ilivyokuwa."

"Na mtihani wa vitendo?" akauliza mzee.

"Atafanya anavyoweza mwenyewe."

Mzee akakuna kichwa. "Sasa, mama, haiwezekani akamaliza kwanza shahada? Halafu ndiyo umtoe?"

Sista akamrukia miguuni. "Baba, mtoe leo! Nasukumwa nyuma kila siku, sikuoni vizuri, baba. Naogopa!"

"Vumilia, mwanangu," mzee akasema, na alikuwa analia kweli, simsingizii. "Umebakiza kidogo tu. Usituaibishe." Mama mtu akafungua mdomo, akamtazama mumewe, akaufunga. Wanaomlaumu mzee peke yake wanamwonea.

Kilio kikakatika katikati. Sista akainuka, akajifuta machozi, akakunja mikono kwa heshima.

"Ahsante, baba," ikasema ile sauti ya taratibu. "Nitasoma kwa bidii."

Mganga akaanza kufungasha vitu vyake. "Aliyekaribishwa na mwenye nyumba, mimi simtoi," akasema, akatoka bila kuaga.

Shahada ikapatikana, ya daraja la kwanza. Kazi ikapatikana hospitali kubwa, hata mwaka haukuisha akawa msimamizi wa wodi. Nyumbani alikuja mara chache, akakaa kwenye ncha ya kiti, akashukuru kwa maji kama mgeni. Mtaa ukamwonea wivu mzee, naye hakuhubiri tena.

Miaka ikapita, kisha mzee akaugua, akalazwa katika wodi hiyohiyo. Binti akaja na sindano ya dripu, akaupata mshipa, wala mzee hakusikia kitu. Mzee akamshika ukosi wa sare, akamvuta karibu.

"Mwanangu, yule mganga bado yupo," akanong'ona. "Umesoma, kazi umepata. Sasa tumtoe."

Muuguzi akabandika plasta, akarekebisha dripu.

"Mwite, baba. Lakini mimi nikitoka, mtazika. Mwanao alibisha mlango wa ndani miaka mingi, anakuita wewe. Siku hizi hakuna anayebisha."

Akamfunika shuka mpaka kifuani, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Mzee akabaki anatazama dari.

"Una bahati, mzee," akasema wa kitanda cha jirani. "Binti yako ana mkono mwepesi."