Siku Sita, Risiti Tano

Majirani walimwita Mama Jicho, maana hakuna kilichompita. Kila asubuhi alikamua ng'ombe, akapima maziwa na kuandika lita daftarini. Lita mbili zilibaki nyumbani. Zilizobaki zilipelekwa kituo cha maziwa na wifi yake, dada wa mumewe, ambaye akirudi alitundika risiti kwenye msumari wa jikoni.

Jumamosi Mama Jicho alizishusha risiti za tangu Jumatatu. Tarehe hazikusomeka, wino wa muhuri ulikuwa umefifia. Akazipanga moja moja kando ya daftari.

"Siku ya tatu nilikamua kumi na tatu, kituo kimepokea kumi na sita! Wifi, umetia maji?"

"Sijatia."

"Ya nne nilikamua kumi na nane, zimefika kumi. Umempa nani? Na za leo hazina hata risiti! Kweli, kikulacho ki nguoni mwako."

 Wifi aliingia chumbani kufunga mizigo yake.

Jirani yao, mwalimu wa hesabu, alisikia kelele akaja na kikokotoo chake cha grafu.

"Hicho kidude hakidanganyi?" Mama Jicho aliuliza.

"Kinafuata unachokiambia tu. Nisomee."

Mwalimu aliingiza lita za daftari katika orodha ya kwanza, lita za risiti katika ya pili. Kisha akaamuru: orodha ya kwanza toa ya pili. Kikokotoo kikakataa.

"Naona kinamtetea!" alisema Mama Jicho.

"Kinatoa namba ya kwanza kwa ya kwanza, ya pili kwa ya pili, hadi mwisho. Daftari lina siku sita, risiti ni tano. Chenyewe hakibahatishi. Wewe umebahatisha." Akageukia mlango wa chumba. "Dada, siku gani hukwenda kituoni?"

"Jumatano," wifi alijibu kutoka ndani.

"Basi Jumatano tunaweka sifuri. Siku isiyo na kitu nayo ina nafasi yake. Ukiiruka, zote zinazofuata zinahama."

Akachomeka sifuri mahali pa tatu, akatoa tena. Mama Jicho akainama kusoma: mbili, mbili, kumi na tatu, mbili, mbili, mbili.

"Mbili ni za nyumbani," alisema polepole.

"Na kumi na tatu za Jumatano zilikwenda wapi?"

Mama Jicho akakumbuka. Jumatano alijikwaa kwenye ndoo, maziwa yote yakamwagika. Nani alipiga deki? Wifi. Nani hakumwambia kaka yake hata neno? Wifi huyo huyo. Aibu ikamshika hadi masikioni.

Alikwenda chumbani, akautoa mkoba mikononi mwa wifi yake.

"Nisamehe, wifi yangu. Nimekuonea."

"Yameisha, wifi. Ila ndoo ihame pale mlangoni."

Siku hizi kila siku ina mstari wake daftarini, iwe na maziwa au isiwe nayo. Na kwenye ile Jumatano, Mama Jicho aliandika kwa mkono wake mwenyewe: kituoni sifuri, nilimwaga mimi.